Salongo ya Alhamisi

Nilifundisha watoto wa watu miaka kumi na saba kabla ya kwenda kuharibu jina langu kwenye comptoir, nyumba ya kununua dhahabu. Nasema kuharibu kwa sababu neno lingine sijalipata. Majirani wa Ngezi, mutaa wetu wa Bunia, wananiambia, Mwalimu, acha kujitesa, wakati ule kila mutu alikosea. Kila mutu ni nani? Kalamu ilikuwa mukononi mwangu, si mukononi mwa kila mutu.

Ilikuwa ile miaka ambayo bunduki zilinyamaza bila kwenda mbali. Barabara ya Iga Barrière ilifunguka, malori yakaanza kupanda na kushuka, na Bunia mujini nyumba za kununua dhahabu zikapaka rangi upya. Mojawapo ilitafuta mutu wa kuandika. Wanunuzi wao wa ng'ambo walikuwa wameanza kudai karatasi: kabla dhahabu haijatoka, kampuni ithibitishe kwamba hakuna mutu aliyelazimishwa kuichimba wala kuitwanga. Directeur alitaka mutu anayejua Kifaransa na Swahili, mwenye mwandiko wa kusomeka, na ambaye wamama wa machimboni hawatamwogopa. Mushahara wa mwalimu wakati ule ulikuwa hadithi ya kuwalaza watoto. Nilikwenda mbio.

Walitufundisha siku mbili katika chumba cha hoteli, chupa ya maji mbele ya kila mutu. Mufundishaji alikuwa kijana mupole aliyetoka mbali. Aliandika ubaoni: utumwa wa kisasa. Dereva wetu akainua mukono, akauliza, "Huu wa kisasa unapita ule wa zamani na nini? Munyororo yake iko ya plastiki?" Tulicheka sana. Mufundishaji naye alicheka, kisha akasema munyororo wa siku hizi hauonekani, ndiyo maana wametuita tujifunze kuutazama. Akatoa mifano: mutu anayefungiwa ndani ya nyumba, mutu anayechapwa fimbo, mutoto anayeuzwa. Niliandika yote katika daftari, nikapiga mistari kwa rula. Kati ya wote waliokuwa mule chumbani mimi ndiye nilikuwa mwanafunzi bora, na nilijua hivyo, na nilijivuna.

Kazi yenyewe ilikuwa fiche ya ukurasa mumoja, mutu mumoja fiche yake. Juu kabisa unaandika jina, umri, kijiji, na namba ya carte, maana kwetu carte ya kupigia kura ndiyo kitambulisho cha mutu. Chini yake maswali thelathini, kila swali na vyumba viwili vidogo: ndiyo, hapana. Unapiga musalaba. Mwishoni mwa ukurasa mutu anaweka kidole cha wino, na mimi ninatia sahihi. Niliomba karatasi ya kaboni ili kila fiche iwe na nakala yake ibaki kwangu. Directeur alinisifu mbele ya wengine kwa hilo. Ni tabia ya darasani tu, mwalimu hatoi karatasi mukononi bila kubaki na nyingine.

Sasa niseme habari ya yaya. Yaya kwetu ni dada mukubwa, na huyu hakuwa dada yangu wa damu. Wazazi wangu walitoka Butembo kwa biashara, yeye alitoka Djugu akikimbia vita, na tulikutana Ngezi kwa sababu uzio wetu ulikuwa mumoja. Alikuwa mujane, mwenye maneno machache na mukono muzito wa pilipili. Watoto wangu walijua sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, kuliko yangu, na waliniambia hivyo bila aibu. Mama yake muzee alikuwa Marabo kwa kaka zake, na kila mwezi yaya alikuwa anapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda kumusuka nywele. Binti mwingine hapakuwa, ni yeye tu katikati ya wanaume.

Mwaka mumoja kabla sijaingia kampuni, yaya alisikia kwamba juu ya Iga Barrière wamama wanatwanga mawe ya dhahabu na wanapata chakula cha kweli. Aliniachia ufunguo, mbabula yake ya makaa na kuku watatu. "Miezi mitatu tu, Mwalimu," alisema. "Mama akinitafuta, umwambie niko hai." Miezi mitatu ikaisha, sita ikaisha, tisa ikaisha. Niseme ukweli: sikuwa na wasiwasi. Nilidhani amekuwa tajiri, na nilimwonea wivu kidogo, huku nikila mayai ya kuku wake.

Siku ya kwanza ya kazi yangu kule juu, jeep ya kampuni ilitupandisha mpaka Iga, halafu njia ya udongo mpaka kwenye kamba iliyofungwa kutoka muti huu hadi ule. Hapo ndipo mwanzo wa machimbo. Kijana wa kwenye kamba aliomba carte zetu, akazitupa ndani ya sanduku ya biskuti. Sanduku lilikuwa limejaa carte mpaka kifuniko kilikuwa hakifungi. Niliona kwa macho yangu mawili. Lakini weye ukiingia ofisi yoyote ya Bunia, si unaacha carte kwa sentinelle wa mulango? Hata comptoir yetu, kila asubuhi niliacha yangu nikapewa badge, jioni nikarudishiwa. Kwa hiyo lile sanduku lililojaa halikunishtua. Nilisema moyoni, kumbe hawa watu wana utaratibu.

Mwenye shimo, kule wanamwita PDG, mukurugenzi mukuu, utafikiri mutu mwenye ofisi na hewa baridi. Alikuwa mwanaume wa sandali na kofia ya michezo, mwenye kiti cha plastiki ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Alitukaribisha vizuri. Wamama walikuwa chini ya turubai, safu mbili, kila mumoja na kinu cha chuma na mutwangio wa chuma, na kelele yake ilikuwa kubwa mpaka tulisemeshana karibu na masikio. Yaya nilimwona wa tatu kutoka mwisho. Mikono ilikuwa imenenepa, mwili mwingine wote umekwisha. Alifuta mukono kwenye kitenge akanisalimia.

"Mwalimu. Kumbe njo weye walituma," alisema, na uso wake ulifunguka. Leo ninajua alichofikiri. Alifikiri nimekuja kwa ajili yake.

Nikaketi kwenye ndoo, fiche juu ya goti. Jina, umri, kijiji. Namba ya carte? Akasema, "Carte iko kwa PDG." Nikaandika vile vile alivyosema, kwa sababu nafasi ilikuwa wazi, na mimi nafasi wazi kwenye karatasi inaniuma. Mama wa pembeni yake naye akasema hivyo hivyo, na wa pembeni ya huyo. Nikaandika, nikaandika. PDG alikuwa kwenye kiti chake, hatua tano, anasikiliza radio.

Swali la kumi na mbili lilisema: kuna mutu anakulazimisha kufanya kazi bila malipo? Yaya aliangalia mutwangio wake.

"Hapana," akasema. Kisha, "Iko tu salongo. Kila alhamisi batu bote banatwanga ya PDG, juu ya usalama. Anapatia bale ba bunduki ba kwa mulima."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka. "Salongo? Yaya, hata siye kule Ngezi kila samedi tunatoka na makwanja kufyeka majani."

Mutu asiyekulia huku hataelewa kicheko changu, na sitaki anihurumie, nataka aelewe. Salongo nilizaliwa nayo. Nilikuwa na miaka sita walipotutoa shuleni kufagia barabara ambayo mukubwa fulani angepita, tukiimba, na mukubwa hakupita. Mama yangu alifanya salongo ya soko, baba yangu salongo ya daraja. Jumamosi asubuhi maduka yanafungwa, unashika jembe, unafukua mutaro wa maji machafu, na usipotoka chef wa avenue, mukubwa wa barabara yenu, anakuja na faini. Hakuna aliyeita jambo hilo utumwa. Iliitwa kuwa raia mwema, na mimi mwenyewe niliifundisha darasani, ubaoni, kwa chaki. Yule mufundishaji wa hoteli alitaja fimbo na kufuli na kuuza watoto, hakutaja salongo, na angeitaja ningebishana naye. Nikapiga musalaba kwenye hapana. Swali la kumi na tatu, unaweza kuondoka wakati wowote? Sikumuuliza hata. Nikapiga ndiyo. Wamama wa karibu walicheka kidogo, kwa sababu Mwalimu amecheka. Yaya hakucheka. Kuni iliyo uchagani huicheka iliyo motoni, bibi yangu alisema hivyo kila siku, na mimi kila siku nilidhani anasema habari za wengine.

Aliweka kidole chake cha wino kwenye karatasi na hakukitoa. Akainama. "Mwalimu, mama yangu iko mugonjwa. Batu ba Marabo balituma habari. Nataka nishuke na weye leo, mu gari."

"Basi panda."

"Carte."

"Si umwombe?"

"Salongo yangu tano hazijatimia. Nilikuwa na homa, nikakosa. Hapana kupata carte mbele haijatimia."

Na mimi, mwalimu wa miaka kumi na saba, nilimujibu vile ninavyowajibu watoto ambao hawajamaliza kazi ya nyumbani. Nilimwambia, "Maliza basi, Yaya, halafu ushuke." Dereva alikuwa anapiga honi. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Iga, na mvua ikinyesha juu ya udongo ule gari haipiti mpaka kesho. Kwenye kamba yule kijana alitafuta carte yangu, akaipata haraka kwa sababu ilikuwa juu, akanipa. Niliitia mufukoni bila kuiangalia. Tulifika Bunia kabla ya mvua, na nikaona ni siku njema.

Huku kwetu mutu bila carte si mutu wa kutembea. Kutoka yale machimbo hadi Bunia kulikuwa na barrière sita au saba, na kwenye kila moja mutu mwenye bunduki anasema neno moja tu: carte. Huna? Basi weye ni mutu wa porini, weye ni wa kundi fulani, kaa pale pembeni kwanza. Tulijua wengi waliowekwa pembeni. Kwa hiyo PDG hakuhitaji kufuli. Alihitaji sanduku ya biskuti. Jambo hilo mutoto wa darasa la tatu wa Bunia analijua, na mimi nililijua siku zote, isipokuwa siku ile niliyolipwa kulijua.

Wiki tatu baadaye, jumatano asubuhi, kaka mukubwa wa yaya alinipigia simu kutoka Marabo. Mama amefariki. Binti yuko wapi? Kwao binti ndiye anayeosha mwili wa mama yake, na kama binti yuko hai, mukono wa mwingine haugusi. Walikuwa tayari kungoja, lakini joto haliongopi, wangeweza kungoja mpaka alhamisi jioni. Nilimwambia atafika. Nilisema hivyo kwa uhakika, kwa sababu nilikuwa mutu wa kampuni, na PDG aliuza kila chembe ya dhahabu yake kwetu.

Directeur alinikaribisha, akasema pole, akaagiza chai. Nikamwambia sitaki chai, nataka apige simu moja. Amwambie PDG ampe yule mama carte yake leo. Basi, hakuna kingine.

Alifungua kabati, akatoa fiche ya yaya. Aliiweka mezani, akaigeuza inielekee. "Hii ni sahihi ya nani, Mwalimu?"

"Yangu."

"Kumi na mbili, hapana. Kumi na tatu, anaweza kuondoka wakati wowote, ndiyo. Sasa nimwambie PDG amwachilie mutu ambaye weye mwenyewe umesema hajashikwa?"

"Nilikosea."

"Hii ilikwisha kwenda kwa wanunuzi. Tukisema tulikosea, watasema tulidanganya, watakata biashara. Na bale bamama bote batakula nini? Umewaza hilo?" Alisema polepole, kwa sauti ya mutu anayetaka uione huruma yake. Hilo ndilo lililoniwasha.

Nikamwambia, "Directeur, unaogopa simu?"

"Siogopi simu. Nikipiga, maana yake tulijua."

Niliomba jeep. Akasema jeep iko panne, imeharibika. Nilipotoka nje dereva alikuwa anaiosha, muziki unalia ndani. Nilichukua moto.

Nilifika kwenye kamba alasiri, mavumbi mpaka ndani ya masikio. PDG alinipa kiti chake, kitu ambacho mara ya kwanza hakukifanya. Nilimweleza. Akasema pole, mama ni mama. Akasema hata wengine wamefiwa wakiwa hapa. Akasema yaya amefanya tatu, zimebaki mbili, na kesho ni alhamisi, atafanya moja, wiki ijayo nyingine, halafu aende na amani ya Mungu.

"Kesho afanye moja na mimi nifanye moja," nilisema. "Zitakuwa mbili."

Aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwa, fulana ya kampuni na jina lake mugongoni, akacheka mpaka akatoa kofia. Alikubali. Nafikiri alitaka tu kuona.

Alhamisi tulianza jua likitoka. Yaya alinionyesha namna ya kushika mutwangio, usiubane, uuache uanguke wenyewe. Unatwanga jiwe mpaka liwe unga, unaupepeta, yaliyobaki unarudisha. Kila mutu ana beseni yake, na siku haijaisha beseni ikiwa haijajaa. Kufika saa nne ngozi ya viganja ilikuwa imeondoka, na unga wa jiwe uliingia hapo. Mate yalikuwa ya kijivu. Mutu wa bunduki alipita katikati ya safu, akatusalimia kwa adabu kabisa, "Kazi njema, bamama," tukaitikia.

Hapo ndipo nilipouliza lile swali ambalo siku ile niliona halina haja. "Yaya, na mutu akikataa?"

"Kuko shimo moja ya maji," alisema, bila kuacha kutwanga. "Unasimama mu maji mpaka kesho. Yule wa mwisho kule, unasikia namna anakohoa?"

Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nimemwandikia fiche yake pia, na afya yake nilipiga musalaba kwenye nzuri. Niliona aibu. Niliendelea kutwanga kwa sababu beseni haikuwa imejaa.

Beseni ya yaya ilijaa saa nane, yangu saa kumi kasorobo. Akanijazia ya mwisho kwa mikono yake. Kijana alitafuta ndani ya sanduku muda murefu, maana carte ya yaya ilikuwa chini kabisa, imegandana na ya mutu mwingine kwa unyevu, picha imeanza kutoka. Tulipanda moto watatu, dereva, yeye, na mimi nyuma. Njia nzima aliishika carte mukononi, nje, hewani, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Mvua ilitukuta Iga ikatuzuia. Bunia tukafika usiku, tumechelewa mno kuendelea na safari.

Marabo tulifika ijumaa saa nne asubuhi. Viti vya matanga vilikuwa vimepangwa juu ya mukokoteni kurudishwa parokia. Walingoja mpaka alhamisi jioni, kama walivyosema, kisha mama mumoja jirani aliombwa amwoshe, wakamzika. Kaka mukubwa alinisalimia mimi. Kisha akamwangalia yaya viganja, miguu, akaangalia pembeni.

"Dhahabu ilikuwa tamu," alisema.

Mimi nilifungua mudomo kusema alizuiliwa, na kaka akaniwahi. "Nani alimuzuia? Kampuni yenu si inasema mu radio kama kwa machimbo yenu hakuna mutu anashikwa?" Alikuwa anauliza kweli, alitaka nimjibu. Fulana bado ilikuwa mwilini mwangu. Watoto wangu wanne walikuwa wanakula kwa ile kazi. Nikafunga mudomo. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Jumatatu niliandika fiche mupya, yenye salongo, yenye shimo la maji, nikampelekea directeur. Akaisoma yote, akanishukuru, akaitia katika kabati. Mwaka ulipoisha mukataba wangu haukurudi. Nilirudi kwenye chaki. Kampuni bado inanunua. Kwenye mulango wao sasa wameweka kibao kikubwa kinachosema kwamba hakuna mutu anayelazimishwa katika kazi zao, na chini ya kibao sentinelle anakuomba carte yako.

Yaya alirudi Ngezi, akachukua ufunguo wake na mbabula yake. Kuku hawakuwa wamebaki, na hakuuliza. Alinitendea mema, na hayo ndiyo yaliyonila. Kila juma alileta bakuli ya sombe. Kisimani aliwaambia wamama kwamba Mwalimu ndiye aliyekwenda kumutoa, aliacha ngozi yake kule. Jumamosi ya salongo hakutoka. Chef wa avenue alikuja, akapiga kelele mulangoni, akatoza faini, na yaya alilipa, akarudi ndani. Mimi nilitoka na jembe langu pamoja na wengine.

Karibu mwaka ukapita. Kaka zake walikuwa wanajiandaa kuondoa matanga na kusimika musalaba wa simenti kwenye kaburi, na wakatuma neno kwamba yeye asije. Ndipo alipokuja kwangu, akaketi kwenye kizingiti.

"Mwalimu, ile karatasi niliweka kidole, iko kwako? Nataka nionyeshe bakaka yangu kama nilizuiliwa."

Nikamwambia imepotea. Siku mbili baadaye aliuliza tena, nikasema nitatafuta. Ilikuwa chini ya godoro langu pamoja na nakala zote. Nilijua kilichoandikwa kwenye namba kumi na mbili na namba kumi na tatu, na kwa mwandiko wa nani. Nilimudanganya juma zima, huku nikila sombe yake.

Jumapili baada ya misa niliitoa, nikamupa. "Yaya, hii haitakusaidia," nilisema. "Ulinieleza salongo, na mimi hapa nimeandika hapana. Hapa nimeandika unaweza kuondoka. Nisamehe."

Alitoka nayo nje penye mwanga. Alisoma shule mpaka mwaka wa tatu, anasoma polepole, kidole chini ya neno. Kwa hiyo hakuanzia pale nilipomwonyesha. Alianzia juu, kama anayejifunza. Akapita jina lake. Akapita umri, akapita kijiji. Kidole kikasimama.

"Carte iko kwa PDG," alisoma. Akarudia. Kisha akasema, "Iko hapa."

Niliinama nikaangalia. Ilikuwa pale, kwenye mustari wa nne, herufi zimesimama wima, mwandiko niliosifiwa nao. Niliingia ndani nikatoa nakala nyingine zote. Zote zilikuwa nayo. Carte iko kwa PDG, carte iko kwa PDG, mama kwa mama. Directeur alitia muhuri juu yake. Wanunuzi waliipokea, wakaiweka mahali. Mwaka muzima nilikuwa natafuta dhambi yangu kwenye swali la kumi na mbili.

"Bakaka yangu bataamini hii," yaya alisema. "Mutu yote wa Marabo ataelewa." Aliikunja mara mbili. Halafu akanitazama, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. "Siku ile kulikuwa kelele mingi ya kutwanga. Wakati wote nilijisemea, Mwalimu haikuwa makosa yake, hakusikia."

Nilianza kuzipanga zile nakala nyingine, ukingo kwa ukingo.

"Kumbe ulisikia," alisema. "Uliandika."

Alikwenda Marabo na ile karatasi. Kaka zake walimupokea, na ndiye aliyemwaga maji ya kwanza kwenye simenti ya musalaba. Aliporudi alinisalimia juu ya uzio kama siku zote, akaniuliza watoto wameamkaje. Sombe hakuleta tena.